Mnyang'anyi aliyeparamia ukuta kwa mapenzi

"Muozeni, atatulia." Maneno haya husemwa sana katika nyumba zetu za pwani pindi kijana wa mtu anapoanza kwenda kombo. Akirudi nyumbani usiku wa manane, akionekana na viatu ambavyo babake hakumnunulia, majirani wakianza kunong'ona juu ya kuku na mabati, basi shangazi mmoja hujitokeza akasema dawa yake ni mke. Na wapo wengine, hasa vijana wenyewe, wasemao kwamba si mke tu bali ni pendo: mwizi akipenda kikwelikweli ataona haya mbele ya huyo ampendaye, na haya hiyo itamfunga mikono kuliko pingu.

Dhana hii ni tamu, na sisi watunga mashairi ndio tulioipamba zaidi. Lakini ina ukweli gani? Katika historia ya Uislamu yuko mtu mmoja ambaye kisa chake kinafaa kupimwa hapa, kwani yeye alikuwa mwizi, tena si mwizi wa kuku, na usiku ule alioacha wizi alikuwa akienda kwa mpenziwe. Mtu huyo ni Fudhayl bin Iyadh.

Wengi tumelisikia jina lake katika darasa, nalo hutajwa pamoja na mawalii wakubwa, hata mtu asiyejua akadhani alizaliwa na tasbihi mkononi. Sivyo. Huyu alikuwa mkata njia katika nchi ya Khurasani, baina ya miji ya Abiward na Sarakhs. Ukitazama ramani ya leo utaona sehemu hizo ziko penye mpaka wa Irani na Turkmenistani. Ni nchi ya majangwa na vilima, na siku zile ndizo njia za misafara iliyochukua bidhaa baina ya Nishapur na Marw. Mfanyabiashara aliyepita njia hiyo alikuwa na hofu tatu: kiu, dhoruba ya mchanga, na Fudhayl.

Fariduddin Attar, mshairi wa Nishapur aliyeishi katika karne ya 12 na ya 13, ameandika katika kitabu chake cha Tadhkirat al-Awliya kwamba jambazi huyu alikuwa na desturi zake. Hakuushambulia msafara wenye wanawake. Asiye na mali nyingi hakumgusa, na yule aliyemnyang'anya alimwachia kidogo cha kumfikisha kwao. Alivaa nguo za sufi zilizoparara, akaweka tasbihi shingoni, na watu wake akiwaswalisha jamaa. Asiyeswali alimfukuza katika genge! Msomaji anaweza kucheka, lakini nadhani haihitaji kusafiri mpaka Khurasani kumwona mtu anayeswali sala tano na mkono wake mmoja umo katika mfuko wa mwenziwe.

Husimuliwa kwamba siku moja msafiri aliwaona wanyang'anyi kwa mbali, akakimbia na mfuko wake wa fedha kutafuta pa kuuficha. Akaona hema, na ndani yake mtu aliyevaa sufi anaswali. Akafurahi, akamwomba amtunzie amana. Aliporudi kwenye msafara akakuta wenzake wamekwisha nyang'anywa, wamefungwa. Akawafungua, kisha akarudi hemani kuchukua fedha zake, na lo! Yule mcha Mungu amekaa katikati ya wezi anawagawia ngawira. Maskini akajuta, akataka kugeuka. Fudhayl akamwita, akamwambia auchukue mfuko wake pale pale alipouweka. Wenzake walipomlaumu alijibu kwamba mtu huyu alimdhania wema, na yeye Fudhayl humdhania Mwenyezi Mungu wema, hivyo hapendi kuivunja dhana ya mtu ili na yake isivunjwe.

Ama juu ya mapenzi, riwaya ziko mbili na hazifanani. Attar asema Fudhayl tangu mwanzo alimpenda mwanamke, na kila alichopata njiani alimpelekea. Zingatia hapo. Katika riwaya hii pendo halikumtoa mtu wizini. Lilimzidishia sababu ya kuiba. Na hili tunaliona hata leo. Kijana anataka kumpa binti simu nzuri, au amnunulie dhahabu ya harusi ya nduguye, na kazi hana. Pendo linamwambia "lete", haliulizi umetoa wapi.

Riwaya ya pili ndiyo mashuhuri zaidi, nayo imo katika Risala ya Imam Qushayri aliyefariki mwaka 465 wa Hijria (1072), na katika Siyar ya Imam Dhahabi aliyefariki mwaka 748 (1348). Humo yasemwa kwamba Fudhayl alimpenda "jariya". Neno hili katika Kiarabu lina maana mbili: laweza kuwa msichana tu, na laweza kuwa kijakazi, mtumwa wa mtu. Watu wa pwani, ambao utumwa wa kisheria ulitukomea mwaka 1907 tu, tunapaswa kuisoma hiyo maana ya pili kwa makini. Ikiwa ni kijakazi, basi nyuma ya ukuta ule yuko mwanamke ambaye hana mlango wa kufungua wala wa kufunga. Mlango ni wa bwana wake. Na huyu ajaye usiku kwa kuparamia ukuta hakuleta posa, hakuleta mahari, hakuja na wazee. Amekuja kama alivyozoea kuiendea mizigo ya ngamia. Mtu anaweza kuita jambo hilo mapenzi, nami siwezi kuingia katika moyo wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, lakini kwa nje halitofautiani na wizi mwingine.

Basi alipokuwa ukutani akasikia mtu anasoma Qur'ani. Aya iliyomfikia ni ya 16 ya Suratul Hadid, ambayo Mola ndani yake anawauliza walioamini kama bado haujafika wakati wa nyoyo zao kulainika kwa kumkumbuka Yeye. Ni swali. Hakutishwa moto pale, wala hakutajiwa mkono kukatwa. Aliulizwa wakati. Wapokezi wasema alimjibu Mola wake kwamba naam, wakati umefika, akashuka upande ule ule aliopandia.

Attar yeye anaiweka aya hiyo kwenye kinywa cha mtu aliyepanda ngamia katika msafara upitao usiku. Mimi naupenda ukuta zaidi. Kwenye ukuta mtu hana pa kukaa: ama atashuka ndani, ama atashuka nje. Ndiyo sababu nikautungia ubeti huu, na wenye fani watanisamehe:

Aliparamia kuta, usiku wa giza ndani,
Pendo lilimkokota, na kisu ki kiunoni,
Sauti ikamvuta, hata hajashuka chini,
Liwali hakumpata, kashikwa na Kuruani.

Lakini kisa hakikomei ukutani, na sehemu ifuatayo ndiyo ninayoona wasimulizi wetu huipita mbio. Fudhayl aliondoka pale, usiku bado ni mkubwa, akaenda kulala katika gofu. Humo akakuta wasafiri wamejificha. Baadhi yao walitaka kuondoka, na wengine wakasema wangoje asubuhi, kwani Fudhayl yuko njiani na atawanyang'anya. Yeye yuko gizani, anawasikia. Hawamjui. Kwa mara ya kwanza, pengine, alilisikia jina lake jinsi linavyotajwa na watu wanaoliogopa. Akajiambia kwamba yeye anazunguka usiku katika maasi, na hapa pana Waislamu waliojikunyata kwa sababu yake. Akaona Mungu hakumleta pale ila akome. Hapo ndipo aliponuia toba, na akanuia kwenda kukaa jirani na Nyumba Takatifu ya Makka.

Nimelifikiria sana gofu lile. Katika miaka hii ya karibuni mitaa kadhaa ya Mombasa, Kisauni na Likoni miongoni mwayo, imepata kutishwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Wenye maduka walifunga mapema, akina mama wakawaita watoto ndani kabla ya Isha, na anayetoka kazini usiku akawa anauliza kwanza kama njia i salama. Wengi wa vijana hao si wageni. Wana mama zao hapo hapo, na wengine walipita chuoni wakasoma juzuu kadhaa. Sijui kama kuna mmoja wao aliyepata kukaa gizani, asiyejulikana, akamsikia bibi wa mtu akisema, "Tusitoke, wale wako nje." Wanachosikia aghlabu ni kelele za "mwizi!" na hapo huwa kumekucha, mawe na mpira wa gari viko tayari. Aliyetiwa moto njiani hana nafasi ya kuulizwa kama wakati umefika.

Na sheria yetu haikukusudia hivyo. Hukumu ya wakata njia imo katika Suratul Maida, aya ya 33, nayo ni kali mno. Lakini aya inayofuata, ya 34, imewatoa wale waliotubu kabla hawajatiwa mkononi. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, wameeleza kwamba mtu huyo huondokewa na adhabu iliyo haki ya Mungu, lakini haki za wanadamu hubaki shingoni mwake. Mali alirudishe. Damu ina wenyewe. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), naye katika Riyadh as-Salihin ametaja masharti ya toba: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia; na ikiwa dhambi yahusu haki ya mja, sharti la nne ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba radhi.

Sharti hili la nne ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu majuto ni bure na kuacha ni rahisi siku mfuko umejaa. Kwa mujibu wa Attar, Fudhayl alizunguka kuwatafuta aliowadhulumu, mmoja mmoja, awaridhishe. Alibaki Myahudi mmoja wa Abiward aliyekataa katakata kumsamehe. Alimwambia kwanza aondoe kilima cha mchanga kilichokuwa mahali fulani, na Fudhayl akashika koleo akawa anachota usiku na mchana, mpaka upepo ukaja ukakifagia kilima chote. Attar ni mshairi, na kisa kina mapambo mengine ya kishairi ambayo sitayaleta hapa. Ninachokitaka ni ile picha ya jambazi aliyeogopwa na nchi nzima, ameinama na koleo, anatumikia hasira ya mtu mmoja aliyemwibia.

Hesabu ya miaka nayo ina la kutufunza. Fudhayl alipoacha ujambazi alikwenda Kufa kutafuta elimu, akasikia hadithi kwa Mansur bin Mu'tamir na kwa A'mash. Mansur alifariki mwaka 132 (750), mwaka ule ule ilipoanguka dola ya Bani Umayya. Fudhayl akafariki Makka mwanzoni mwa mwaka 187 (803). Kwa hiyo tangu aketi mbele ya mwalimu wake mpaka kufa kwake ni miaka 55 au zaidi. Wizi ulikuwa wa ujanani. Hiyo miaka mingine yote alikuwa mtu wa kuaminiwa, hata hadithi zake zikaingia katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, na Imam Shafi mwenyewe akapokea kwake. Fikiri: elimu ya hadithi imesimama juu ya ukweli wa msimulizi, na wakaguzi wake walikuwa hawamwonei mtu haya. Wakampitisha. Dhahabi baada ya kukisimulia kisa cha ukuta akaongeza neno la maana, kwamba ushirikina ni mkubwa kuliko ukataji njia, na wako waliotubu ushirikina wakawa bora wa umma huu.

Tena huyo aliyekuwa akigawa ngawira akawa hataki fedha hata akipelekewa. Yasimuliwa kwamba Khalifa Harun Rashid, aliyetawala tangu 786 mpaka 809, alipokwenda kuhiji alimtaka waziri wake Fadhl bin Rabi' amtafutie mtu wa kumuuliza. Wakaenda kwa wanachuoni wawili, kila mmoja akamwaidhi, na kila mmoja alipoulizwa kama ana deni akakiri analo, likalipwa. Kisha wakabisha kwa Fudhayl. Alipoambiwa ni Khalifa akaizima taa akaenda kwenye pembe ya chumba, nao wakaingia wakipapasa gizani. Mkono wa Harun ukamgusa, na Fudhayl akasema ni mkono laini ulioje, ikiwa kesho utaokoka na adhabu. Mkono! Huyu alijua habari za mikono. Akamwaidhi mpaka Harun akalia. Alipotolewa dinari 1,000 akazikataa. Wageni walipoondoka, mwanamke wa nyumbani mwake akamlaumu kwa dhiki waliyo nayo. Naye akampigia mfano wa watu waliokuwa na ngamia, wakila kwa kazi yake, na alipozeeka wakamchinja wakala na nyama yake. Ndipo utajua kwamba nyumba ile haikuwa na shibe. Aliishi kwa yale aliyosaidiwa na marafiki wema kama Abdullahi bin Mubarak, aliyekuwa mfanyabiashara.

Sasa turudi kwa shangazi na dawa yake ya mke. Yule wa nyuma ya ukuta riwaya hazimtaji tena. Lakini mwanamke mwingine yuko. Attar aeleza kwamba Fudhayl alipoazimia safari ya Makka alimwendea mkewe, akamwambia anakwenda kwenye Nyumba ya Mungu, na akitaka atampa talaka abaki huru. Mke akajibu kwamba hatatengana naye, popote aendapo ndipo atakapokuwapo yeye, amtumikie. Wakaenda pamoja. Mwanamke huyo hakumtoa mtu katika wizi. Alimpokea alipokwisha kutoka, akala naye njaa. Tunawatwika binti zetu kazi ya kuwarekebisha wana wa watu walioshindikana na wazazi wao, na wakati mwingi binti ndiye anayerudi kwao na kidonda na mtoto mgongoni.

Hata hivyo yuko kijana mwingine, yule aliyekwisha kuacha kweli, anayefanya kibarua bandarini au anasukuma mkokoteni, na amempenda binti wa mtu, na amekuja kwa mlango si kwa ukuta. Baba wa binti anajua alikuwa nani. Amjibu nini? Katika Minhaj, kitabu cha Imam Nawawi kinachosomeshwa sana huku kwetu, wema wa mwendo ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa katika kulingana kwa mume na mke, basi baba ana haki ya kuuliza. Na katika kitabu hicho hicho, mlango wa ushahidi, imesemwa kwamba fasiki aliyetubu hujaribiwa kwa muda kabla ya kukubaliwa neno lake, na wengi wa wanachuoni wameukadiria muda huo kuwa ni mwaka mmoja. Sababu waliyoitoa wafafanuzi inapendeza: mwaka una majira manne, na kila majira huamsha tamaa zake katika nafsi. Sisi twaweza kusema, mtazame katika kaskazi na katika kusi, mtazame wakati wa masika ambapo hakuna kibarua, na wakati wa vuli, na mtazame katika Ramadhani nyumba zikiwa wazi watu wako Tarawehe. Akipita humo mkono wake safi, sioni kwa nini akataliwe kwa jambo la zamani. Mwaka si mrefu kwa mtu anayependa, na pendo lenyewe litapimwa humo humo. Wako wazee watakaoniona nimelegea. Lakini wao hao humsifu Fudhayl kila wakitajiwa mawalii, na Fudhayl angekuja na posa mwaka ule aliotoka Abiward nadhani wangemfungulia mbwa.

Attar amehadithia pia kwamba Fudhayl alikuwa na binti wawili, na alipokaribia kufa alimwusia mkewe, akisha kumzika, apande nao mlima Abu Qubays unaoitazama Al-Kaaba, amwambie Mola kwamba Fudhayl aliwatunza alipokuwa hai na sasa anawarudisha kwake. Mama akafanya hivyo, wote watatu wakawa wanalia mlimani. Akapita amiri wa Yemen na wanawe wawili, akasikia kilio, akauliza kuna nini. Alipoelezwa hali yao akawaoza wale mabinti kwa wanawe, wakapandishwa ngamia wakachukuliwa mpaka Yemen. Katika kisa hicho hakuna mahali ambapo amiri yule anauliza marehemu baba yao alikuwa akifanya kazi gani huko Khurasani.